Jambo Asilolijua Baba

Kwetu Likoni mtu haendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Atabeba machungwa, atabeba ndizi, akikosa vyote atapitia madafu pale njia panda, na akifika ataviweka kando ya mlango bila kuvitaja, kana kwamba vimejileta vyenyewe. Ni ada nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi ulinikuta figo za baba zilipokufa, daktari akatutajia vitu ambavyo hapaswi hata kuvionja, vikawa ni hivyo hivyo: machungwa, ndizi, madafu, maembe. Vimejaa potasiamu, na figo zisipochuja, potasiamu hukusanyika mwilini hadi moyo ukasimama. Kazi ya kukaa mlangoni kuwaeleza watu haya ikaniangukia mimi, binti yake, kama zilivyoniangukia kazi nyingine zote za nyumba ile.

Nilieleza mpaka koo likanikauka. Shangazi, dada yake baba, alikuja na chane mbili za ndizi akaniambia ndizi moja haijawahi kumwua mtu. Nikamwambia hii ya leo itaua. Akanitazama kama aliyetukanwa, akaketi kidogo, akaenda zake na ndizi zake. Wengine nao wakaanza kuona haya. Mtu akikatazwa kuja na kitu, na kuja bila kitu ni aibu, basi bora asije. Miezi haikuwa mingi, viti vya plastiki tulivyovipanga chumbani vikashika vumbi. Baba, mtu wa watu tangu ujana wake, akabakia na mimi, na mimi si mwenzi wa maana wa mazungumzo. Nikitoka kazini nimechoka, naongea yale ya lazima tu: umekula, umemeza dawa, hebu nione miguu kama imevimba.

Ndipo siku moja akanituma niwapigie jamaa simu. Alisema niwaambie kwamba mlango uko wazi, na kwamba asiyetaka kuja mikono mitupu ana njia. Asilete cha kuliwa. Alete jambo moja ambalo yeye baba halijui.

Nilidhani ni maneno ya mgonjwa, yatapita. Lakini alikuwa na masharti kamili kichwani. Jambo liwe la viumbe, au la kale, au la elimu, tena liwe la kweli. Habari za mtaani hazikubaliki, kwa sababu umbea, alisema, anaupata bure dirishani. Akilisikia na kumbe alikuwa halijui, atasema wazi, "Hilo sikulijua," na mgeni ataletewa chai. Akiwa analijua atasema, "Hilo nalijua," na mgeni akae hivyo hivyo bila chai mpaka akumbuke jingine. Chai achemshe nani? Hakuna aliyeuliza.

Baba alifanya kazi maisha yake yote katika ghala la chai upande wa Changamwe, na ghala lile halikuwa na maneno mengi. Magunia yaliingia, magunia yalitoka, na redio yake ndogo ilining'inia kwenye msumari kuanzia asubuhi hadi kufungwa. Humo ndimo alimookota mambo yake. Tulipokuwa wadogo alitwambia mezani kwamba mbu anayeuma ni jike pekee, kwamba asali haiozi, kwamba watu walifanya biashara kwa kauri kabla ya sarafu. Mama alikuwa akimwambia ale kwanza. Kwa hiyo kumpata kwa jambo asilolijua haikuwa kazi nyepesi, na nadhani hilo ndilo lililowavuta watu. Ada ilikuwa imerudi, tena na ushindani ndani yake.

Wakaja. Walikuja kwa wingi mpaka nikajuta kupiga zile simu. Karibu kila mtu alianza na twiga wa Malindi, yule aliyepelekwa Uchina kwa jahazi zamani za kale awe zawadi ya mfalme. Maskini twiga yule alisafirishwa chumbani mwa baba mara nyingi kuliko alivyosafirishwa baharini, na kila mara baba alisema kwa upole kwamba hilo analijua. Wengine walileta mambo ya simu, yale yanayotumwa kutoka kundi hadi kundi. Mmoja akasema ukuta wa Wachina unaonekana kutoka mwezini. Baba akamuuliza nani alikwenda mwezini akauona, yule mtu akacheka, akakaa bila chai hadi alipokumbuka kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu yake ni ya buluu. Hilo baba alilijua nusu. Mioyo aliijua, damu hakuijua. Tukabishana kama linastahili kikombe kizima.

Shangazi naye alirudi, amekwisha kusahau kununa. Alikaa, akajitengeneza buibui, akamweleza kaka yake juu ya yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa anayeishi kwenye matumbawe. Jike lake likifa, dume hugeuka likawa jike, likaendelea na nyumba.

"Hilo sikulijua," baba akasema, "wala sikuhitaji kulijua."

Shangazi akapata chai yake. Nakumbuka alikunywa vikombe viwili siku ile, na vyote nilivichemsha mimi, na baada ya hapo nikaosha vyombo nikiwa bado na viatu vya kazini miguuni.

Tabu yangu mimi ilikuwa hii: nilidhani masharti yale ni ya wageni. Baba akanirekebisha. Alisema nami naingia chumbani, tena kila siku, basi nami nisiingie mikono mitupu. Alisema kwa mzaha lakini macho yake yalingoja. Tangu hapo kila siku iliyokuja ilinidai jambo. Mimi ni karani kwenye yadi ya makontena huko Changamwe. Kazi yangu ni kupokea karatasi za madereva na kugonga mihuri, na madereva hawana subira, na mimi nina kidogo kuliko wao. Kati ya dereva mmoja na mwingine nilikuwa nachokora simu nikitafuta kitu cha kumpelekea mzee wa Likoni ambaye alikuwa amesikiliza redio miaka yote hiyo. Wenzangu walidhani nina mchumba.

Sisemi hayakuwa na ladha. Nilimpelekea habari ya machimbo ya zamani ya Bamburi. Mawe yalipokwisha kuchimbwa pakabaki uwanda mweupe usioota jani, watu wakapanda mivinje, na majani makavu ya mivinje yakarundikana bila kuoza. Ikabidi waletwe majongoo. Majongoo wakala majani yale wakanya, na mavi ya majongoo yakawa udongo, na udongo ukaotesha msitu. Baba aliifurahia habari hiyo kwa siku nyingi. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa majongoo kabla hajafungua kinywa. Siku nyingine nilimwambia kwamba potasiamu ile ile tunayomkataza ina mnururisho, miale kama ile ya nyuklia, kidogo sana, usiomdhuru mtu, na kwa hiyo kila ndizi ina mnururisho wake, hata miili yetu pia.

"Kumbe mlangoni ulikuwa ukizuia bomu," akasema, na akacheka mpaka akakohoa.

Lakini jambo la kuchekesha nalo ukilitafuta kila siku ya Mungu linakuwa kazi. Nilikuwa nikiamka alfajiri nimpikie uji usio na hiki wala kile, nipime maji yake kwa kikombe maana hata maji hapaswi kunywa apendavyo, niende kazini, nirudi, na njiani nakumbuka kwamba sijapata jambo. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauumalizi. Watu waliniambia nina moyo. Nilitamani mmoja wao aniambie ana saa mbili, nikalale.

Jumatatu na Alhamisi zilikuwa za mashine. Kituo cha kusafishia damu kiko upande wa pili wa maji, na tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe tulikuwa tunazunguka nayo kwa gari la jirani, ili baba asisukumwe na umati wa feri. Huko hulazwa kwenye kiti kirefu, sindano mbili mkononi, damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, na mimi naketi pembeni kwenye stuli. Yadi walinikubalia siku hizo nusu nusu, nikafidia Jumamosi. Baba husikia baridi damu yake ikiwa nje, kwa hiyo nilikuwa nachukua blanketi. Huko nako mambo yalitakiwa. Nilimweleza kwamba mashine ya kwanza ya kazi hii ilitengenezwa na daktari mmoja wa Ulaya wakati wa vita vikuu vya pili, hana vifaa, akatumia makopo na ile ngozi ya bandia inayofungiwa soseji.

"Soseji za nguruwe?" akauliza mara moja.

Nikamwambia ni karatasi laini tu, soseji zenyewe hazikuwamo. Akasema hilo hakulijua na akafumba macho. Muuguzi, binti wa bara asiyejua bado masharti yetu, alituangalia kama watu wawili waliochanganyikiwa.

Mwaka wa pili wa mashine ndipo daktari aliponiita kando akanieleza juu ya kupandikiza. Baba si mzee wa kupindukia, moyo wake mzima, angeweza kupata figo ya mtu wa damu yake na akaachana na sindano. Ndugu tuko wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu tayari ana kisukari, akakataliwa pale pale. Nikabaki mimi. Nilipimwa na kupimwa tena, nikaambiwa tunalingana. Sitajifanya shujaa: niliogopa. Usiku niliushika ubavu wangu nikajiuliza itakuwaje. Lakini nilikwisha kukubali kabla ya majibu kutoka, kwa sababu sikuona mwingine, na kwa sababu nilimpenda baba na nilikuwa nimechoka, na vyote viwili vilielekea mahali pamoja. Akipona atapona, na Jumatatu zitarudi kuwa zangu.

Nikamwambia. Akajibu neno moja, "La." Nilipomuuliza kwa nini, akasema alizaliwa na figo mbili na atazikwa na mbili.

Nikadhani ni dini inamtatiza. Nikamwomba imamu wa msikiti wetu aje. Imamu akaja, akaketi, akamweleza kwa utaratibu kwamba mtoto kumpa mzazi figo kwa hiari yake, bila kuuza na bila kuhatarisha uhai wake, haoni katazo ndani yake. Baba akasikiliza yote kwa adabu. Kisha akamuuliza imamu amekuja na jambo gani. Imamu hakutegemea, akafikiri kidogo, akasema chembe nyekundu za damu za ngamia zina umbo la yai, wala si za duara kama zetu. Baba akasema hilo hakulijua, nikaenda kuchemsha chai, na habari ya figo ikawa haikuzungumzwa tena siku ile.

Basi nikaona nitumie mlango ule ule alioufungua mwenyewe. Kama hataki kusikia hoja, atasikia mambo. Nilimwambia kuhusu jongoo bahari, yule anayejivuta mchangani kama tango lililooza. Akitishwa, wako wanaotema matumbo yao nje, wakayaacha, na baadaye yakawaota mapya.

"Mimi si jongoo," baba akasema.

Nikamwambia kwamba ini la mtu likikatwa kipande hukua tena. Akasema ini lake zima, alhamdulillahi. Nikamwambia kuna watu huzaliwa na figo moja wakaishi hadi uzeeni, wakazaa na kulea, bila kujua. Hapo akageuza kichwa kwenye mto, akanitazama vizuri.

"Hilo nalijua," akasema. "Na mbona siku hizi kila habari yako ina figo?"

Nikacheka kwa kushikwa, naye akacheka. Lakini sikuacha. Mimi ni mkaidi na nimeurithi ukaidi kwake. Nikatafuta kazini, nikatafuta jikoni huku uji ukifurika kwenye sufuria, hadi nikalipata nililoamini ndilo. Nilikaa nalo kuanzia Jumanne hadi Alhamisi nikilitunza. Siku ile alipokwisha kufungwa kwenye mashine nikamsogelea nikamwambia kwamba mtu akipandikizwa figo, kwa kawaida zile zake za zamani haziondolewi. Huachwa pale pale mgongoni, na mpya hutiwa mbele, chini ya tumbo. Mtu hutembea na figo tatu.

Baba alinikazia macho. Kisha akaanza kucheka, na alicheka hadi mkono ukatikisika, mrija ukajikunja, mashine ikalia, na muuguzi akaja mbio. Baba akamwambia muuguzi, machozi yakimtoka, "Tatu! Wallahi hilo sikulijua."

Nikasema kumekucha. Aliyesema atazikwa na mbili angezikwa na tatu, sasa lipi lingine? Nikangoja muuguzi aondoke nikamuuliza, tumwambie daktari aanze mipango? Baba akajipangusa uso kwa ncha ya blanketi. Akasema, "La."

Nilikasirika siku ile kuliko nilivyowahi kukasirika naye. Tulipofika nyumbani nilimwambia yote. Nilimwambia ana kiburi. Nilimwambia anapenda kukaa kwenye kiti kile akiletewa hadithi huku wengine wakivunjika migongo. Nilimwambia kama anataka kufa aseme nijue. Alisikiliza kama alivyomsikiliza imamu. Nilipomaliza akaniomba maji yake ya jioni, kikombe kile kidogo, nikampa, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi na kuutazama ukuta wa jirani.

Kwa siku kadhaa niliingia chumbani mikono mitupu. Hakuniuliza. Wageni walikuja na mambo yao, chai nikachemsha, sikusikiliza hata moja. Nilijua nimebakiwa na jambo moja tu, nalo nilikuwa nimeliweka akiba kwa sababu halikuwa la kuchekesha. Alhamisi iliyofuata nikalitoa. Chumba cha mashine kilikuwa kimya, wagonjwa wengi wamelala. Nilimwambia bila kumtazama, nikimfunika miguu.

"Ukimtoa mtu figo moja, baba, ile iliyobaki hukua. Inanenepa, inachukua kazi ya mwenzake. Kwa hiyo mimi sitapungukiwa."

Damu yake ilikuwa inazunguka kwenye mrija, nami nilikuwa naitazama hiyo.

"Hilo sikulijua," akasema mwishowe. Kisha akauliza, "Inakua kwa sababu gani?"

"Kwa sababu kazi imezidi."

"Enhe." Halafu akaniita, "Mwanangu."

"Abee, baba."

"Mama yako alipokufa ulichukua kazi zake, sikusema kitu. Mumeo alipoondoka ukachukua zake. Nduguyo akahamia Miritini, zake ukazichukua pia. Nikaja kuugua, ukanichukua mimi. Watu wanakuja pale nyumbani wananiambia, mashallah, binti yako amekuwa mtu mkubwa. Mimi nawaitikia. Lakini najua umekua kwa sababu gani." Aliuinua mkono usio na sindano akaniwekea begani, mzito na wa baridi. "Sasa unataka nikutoe kingine, hicho kitakachobaki nacho kibebe. Sitaki. Si dini, si kiburi. Umebeba vya kutosha."

Nilikuwa na majibu, nilikuwa nimeyaandaa kwa miezi. Lakini nilichohisi kwanza, na nakisema kama kilivyokuwa, ni afueni. Kitu kilinishuka mabegani nikajua kwamba sitapasuliwa, kwamba ubavu wangu utabaki kama ulivyo, na nikafurahi. Mara hiyo hiyo furaha ikanichoma, kwa kuwa nilielewa alikuwa ameilipia. Alikuwa amechagua sindano za Jumatatu na Alhamisi hadi mwisho wa umri wake ili mimi nisipungue. Nikaweka kichwa kwenye blanketi pale miguuni pake nikalia, mtu mzima, karani wa yadi, mbele ya wagonjwa. Baba hakunikataza. Muuguzi alipita akaangalia saa za mashine akaenda zake.

Kabla hatujaondoka aliomba simu yangu akampigia mwenyewe mdogo wangu. Mdogo wangu ni mwema, lazima niseme, ila ana malori yanayomngoja Miritini na kila siku ni siku mbaya kwake. Sikusikia alichosema. Nilimsikia baba tu, akisema Jumatatu aje yeye, amchukue nyumbani, akae naye mpaka mwisho. Akasema si ombi. Akanirudishia simu na kuniambia, "Na wewe Jumatatu ulale."

Jumatatu ile mdogo wangu alifika saa moja asubuhi na gari la kuazima, amevaa shati la kwenda harusini. Nikamwonyesha blanketi, nikamwonyesha dawa, nikamweleza habari ya kikombe cha maji, nikaanza kumweleza na yale niliyokwisha kumweleza, hadi baba alipofunga mlango wa gari kwa ndani. Wakaenda. Nikabaki uani. Niliosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Nikakunja nguo. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini na sikujua mtu hufanya nini na asubuhi. Mwishowe nikaingia chumbani kwangu nikajilaza juu ya kitanda na kanga yangu, macho yakitazama dari.

Usingizi ulikuwa umeanza kunichukua simu ilipolia. Alikuwa mdogo wangu, ananong'ona. Wamefika salama, alisema, baba amefungwa kwenye mashine, lakini anamtazama tu hasemi kitu.

"Anangoja jambo lake," nikamwambia.

"Ndilo hilo, dada. Nilimwambia twiga, akasema analijua. Sasa sina. Nipe moja, lolote, nimwambie."

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na mengi, yalikuwa yamenijaa kichwani tangu miaka ile, na moja zuri sana lilikuwa pale pale mdomoni. Ni yule samaki ambaye wataalamu walimjua kwa mifupa ya mawe tu, wakaamini ametoweka duniani tangu kabla ya watu kuwako, kisha akaja kunaswa hai katika bahari hii yetu. Baba hakuwahi kulisikia, nina hakika. Lingemfurahisha wiki nzima. Nilikwisha kufungua kinywa.

"Sina," nikasema.

Kwa mbali nikaisikia sauti ya baba ikiuliza nasemaje, na mdogo wangu akimjibu, "Anasema hana."

"Alhamdulillahi," baba akasema. "Basi mwache alale."